Hita Niliyoikataza Kujizima

Vijana wa kazi ya gesi wakipita hapa kwangu Suna, Migori, huniuliza mambo mengi, lakini karibu wote huanza na harufu. Mzee, utajuaje gesi ikivuja? Nawajibu kwamba hilo ni rahisi, maana gesi ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili hata mwenye mafua aikimbie. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kile kitu kingine, kile ambacho moto wenyewe hukitoa ukikosa hewa, na ambacho hakina harufu wala rangi. Mimi pia sikuuliza kwa miaka mingi, na ndiyo sababu ninaandika.

Nimefanya kazi hii miaka thelathini na moja hapa Migori, kwanza katika duka la mtu mwingine, kisha katika duka langu. Niliuza mitungi, nikafunga majiko ya hoteli, nikatengeneza hita za gesi, zile za magurudumu zinazobeba mtungi tumboni, ambazo mtu huzisukuma kutoka chumba hadi chumba. Nilisoma hadi kidato cha nne. Alama yangu ya fizikia sitaiandika hapa.

Aliyenifundisha kazi ni Mwita, Mkuria wa upande wa Isebania, mtu mrefu aliyekuwa akiongea kidogo. Kitu cha kwanza alichonikabidhi kilikuwa kikopo cha maji ya sabuni na brashi kuukuu ya rangi. Unapaka povu kwenye maungio ya mpira, ukiona vipovu vinafura, hapo panavuja. Kazi ya dakika mbili. Katika mwezi wangu wa pili nilikuwa kwenye hoteli moja karibu na stendi, sabuni imeniishia, na mwenye hoteli ananiharakisha kwa sababu wateja wanataka chai. Nikawasha kiberiti ili nione vizuri.

Mwita alipofika alinikuta nimekaa kwenye ngazi na kitambaa chenye maji usoni.

"Umepaona panapovuja?" akaniuliza.

"Nimepaona."

"Vizuri. Sasa tutafute nyusi zako."

Kwa miezi miwili wateja waliniita Fundi Yai. Nawaambia haya ili mjue kwamba kosa la kuonekana lina faida yake. Watu hukucheka, nyusi huota, na hulirudii. Kosa nitakalowaeleza baadaye halikumchekesha mtu yeyote.

Mwita alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wateja. Akiitwa kutengeneza hita hakuitazama hita kwanza. Aliinua uso akatazama juu ya madirisha, kwenye yale matundu ambayo waashi huacha ili hewa ipite. Kisha aliinama akatazama chini ya mlango. Ndipo alipoiendea hita. Mama mmoja wa hapa mjini alishindwa kuvumilia.

"Huyu Mkuria anatafuta nini kwenye ukuta wangu? Hita iko hapa."

"Natafuta unapopumulia, mama," Mwita akasema.

"Mimi napumulia puani."

"Hita haina pua. Inatumia hiyo hiyo hewa yako."

Nilicheka pamoja na yule mama. Nilidhani ni maneno tu ya kujifanya anajua. Mwita pia alinionyesha rangi za moto: wa buluu unapata hewa ya kutosha, ukianza kuwa wa manjano na kuacha masizi, kuna kitu hakiko sawa, ama hita ni chafu ama chumba hakina hewa. Hilo la uchafu nililishika vizuri, kwa sababu kusafisha hita ni kazi unayolipwa. Hilo la chumba nililisahau, kwa sababu chumba ni cha mwenyewe.

Mwita alistaafu akarudi kwao kulima tumbaku, kisha mahindi, na alifariki kabla hita hazijabadilika.

Zilibadilika hivi. Hita za zamani ziliwaka hadi mtungi uishe. Mpya zilikuja na kifaa kidogo kando ya moto. Hewa ya chumba ikichoka, kifaa hicho huhisi, kikafunga gesi, na hita ikazimika yenyewe. Mimi sikuambiwa hivyo na mtu. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya lugha ambayo hata herufi zake sikuzijua, ila ilikuwa na picha. Picha moja ilionyesha dirisha na mshale. Nilidhani wanasema usiiweke karibu na pazia, na hivyo ndivyo nilivyowaambia wateja wote, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

Basi wateja wakaanza kurudi. "Fundi, umeniuzia hita mvivu." "Fundi, hii kitu inawaka nusu saa inalala." Nilifungua moja, nikatafuta kinachoizima, nikakipata kile kifaa kidogo. Nikajua namna ya kukinyamazisha. Sitaeleza namna yenyewe, maana najua kuna mmoja wenu atakayesoma sehemu hiyo peke yake. Ilichukua robo saa. Hita ilitoka hapo ikiwaka mchana kutwa bila kulala, na mteja akaenda akiwaambia wengine. Zikaja kutoka Rongo, zikaja kutoka Kehancha. Niliiita kazi hiyo kutibu uvivu, na niliiona kuwa ujanja wangu mwenyewe, kitu ambacho hata Mwita hakukijua. Baadaye nilizifuata hita hizo nyumba kwa nyumba. Nyingi nimezipata na kuzirudisha zilivyokuwa. Nyingine ziliuzwa, mwenye kuuza hakumbuki kwa nani.

Mojawapo ya nilizozitibu ilikuwa ya mama mkwe wangu, kule Kosele, kaunti ya Homa Bay.

Watu wa Homa Bay mjini wakisikia habari za hita hucheka, kwa sababu wao ziwa linawatosha joto. Kosele iko juu. Mvua ndefu ikianza, kuna alasiri ambazo mzee mwenye magoti mabaya hawezi kukaa bila moto. Mama mkwe wangu, ambaye majirani humwita Nyar Kanyamwa, yaani binti wa Kanyamwa, kwao alikozaliwa, alikuwa na magoti ya namna hiyo. Alikuwa pia na vifaranga mia moja ambavyo mke wangu Rosa alimnunulia ili apate cha kuangalia baada ya kufiwa na mumewe. Vifaranga navyo vinataka joto. Nikaona hita moja itafanya kazi mbili. Nikaipeleka mwenyewe kutoka dukani, mpya, na nilijiona mkwe mwema.

Sasa vijana wa kwetu mnajua, lakini huenda anasoma mtu wa kwingine. Kwetu Waluo mkwe ana mipaka yake katika nyumba ya mama mkwe. Sebuleni anakaribishwa, anakaa kwenye kiti alichoonyeshwa. Jikoni haendi. Chumba cha kulala cha mama mkwe hata kukitazama mlango wake si adabu. Kwa hiyo niliiwasha hita sebuleni, na Nyar Kanyamwa akakaa kona ya mbali akitazama upande, kama ilivyo desturi, akasema, "Asante sana, orwa." Orwa ni mkwe wetu. Maelezo nilimpa mwanawe wa kiume, Odhiambo, ambaye anaishi kwenye boma hilo hilo. Nikamwambia asiiweke karibu na pazia.

Baada ya wiki kadhaa Odhiambo akaja Migori na hita nyuma ya pikipiki, imefungwa kwa kamba za mpira.

"Shemeji, mama anasema hita yako inalala kuliko mlinzi."

"Mnaiwashia wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi? Sebuleni?"

"Ndani tu, shemeji." Alitabasamu akatazama barabarani.

Nilielewa kwamba ndani maana yake ni ndani ya chumba cha mama yake, na nikaona aibu kuendelea kuuliza. Ningeuliza nini? Kitanda kimekaa upande gani? Dirisha linafunguliwa? Huwezi kumwuliza shemeji yako habari za chumba anacholala mama mkwe wako. Mtu mwingine yeyote angekuwa mteja, ningeuliza. Huyu nilimnyima swali kwa heshima. Nikaitibu ile hita uvivu wake, robo saa, tukanywa soda, akarudi nayo Kosele.

Haya ndiyo ambayo sikuyajua. Vifaranga vilikuwa vimeanza kuibwa jikoni, kwa hiyo Nyar Kanyamwa aliviingiza chumbani kwake, ndani ya boksi, na hita ikafuata vifaranga. Popo walikuwa wakiingia kupitia matundu ya juu ya dirisha, kwa hiyo Odhiambo alikuwa ameyaziba kwa magunia muda mrefu kabla. Dirisha lenyewe lilipigiliwa karatasi ya nailoni wakati wa mvua. Chini ya mlango paliwekwa kitambaa ili panya wasiwale vifaranga. Kila jambo lilikuwa na sababu nzuri. Alasiri za mvua, yeye ambaye ni Msabato wa tangu utoto alijifungia humo na miwani yake, akisoma masomo yake ya juma, vifaranga vikipata joto na magoti yakipata joto.

Akaanza kuumwa kichwa. Kisha kutapika. Siku moja alianguka akitoka mlangoni, akawa anaongea maneno yasiyoeleweka. Akapelekwa hospitali, akalazwa juma moja. Malaria haikuonekana, taifodi haikuonekana, na siku ya tatu alikuwa ameketi kitandani akiwauliza wauguzi wameolewa wapi. Akarudishwa nyumbani. Mvua ikanyesha, akaingia chumbani. Baada ya siku mbili alikuwa amelala sakafuni tena, akarudishwa hospitali, akapona, na aliporudi chumbani akaanguka mara ya tatu.

Kwenye boma hilo alikuwapo pia Awino, mke wa Odhiambo. Alikuwa ameolewa miezi saba, anatoka Awendo, na alikuwa mjamzito. Hakuwa amepewa bado mafiga yake mwenyewe, kwa hiyo alipika kwenye jiko la mama mkwe wake, na kila alichokula Nyar Kanyamwa kilitoka mikononi mwa Awino. Nadhani mmeshaona mambo yanakoelekea. Watu wa Kosele nao waliona.

Familia iliitana Jumapili asubuhi. Mimi na Rosa tulienda. Mgonjwa alikuwa amewekwa nje juani kwenye kiti cha kamba, na hewa ile ya nje ilikuwa tayari imeanza kumrudishia macho. Sisi wengine tulikaa sebuleni. Aliyeongea zaidi alikuwa Shangazi Perez, dada wa marehemu baba mkwe wangu, mwanamke mwenye akili na mdomo.

"Mimi simshtaki mtu," akasema. "Nahesabu tu. Hospitalini amekula chakula cha serikali, amepona. Hapa amekula chakula cha huyu binti, ameanguka. Amerudi hospitalini, amepona. Amerudi hapa, ameanguka. Nani ana hesabu nyingine anipe."

"Shangazi, mimi nakula chungu kimoja na mama," Awino akasema. Alikuwa amekaa chini karibu na mlango.

"Unakula baada yake au kabla yake?"

"Tunakula pamoja."

"Sahani moja?"

Awino akasema, "Vifaranga navyo vimekufa. Arobaini. Hivyo pia nilivipikia?"

"Kuku hufa, binti yangu. Au kwenu Awendo mna kuku wasiokufa?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha mkutano. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Mama anaumwa akiwa ndani, anapona akiwa nje. Vifaranga vyenye mapafu madogo vinatangulia. Hita inayojizima, ambayo mtu ameikataza kujizima. Nilimkumbuka Mwita akitazama juu ya madirisha ya watu. Kutoka nilipokaa niliuona mlango wa kile chumba, ukiwa umefungwa, kitambaa kikichungulia chini yake.

Mzee aliyeongoza kikao akanigeukia. "Na wewe orwa, mtu wa mji, unasemaje?"

Nimefikiria swali hilo mara nyingi tangu siku hiyo. Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilikuwa pia na duka lenye jina langu juu ya mlango, na miaka ishirini na minane ya kuitwa mkwe mwema, na kama ningesema, kuanzia siku hiyo ningekuwa mkwe aliyemletea mama mkwe sumu kwa magurudumu. Nikasema, "Mambo ya nyumba hii ni ya wenyewe."

Wazee waliitikia kwa vichwa. Walisema nina adabu.

Awino alinitazama mara moja, akasimama, akaenda kufunga vitu vyake arudi kwao Awendo. Hakulia mbele yetu. Odhiambo alimsindikiza hadi barabarani akiwa amembebea begi, akarudi akaenda moja kwa moja kuangalia ng'ombe.

Kabla ya kuondoka nilimwambia Odhiambo anitolee hita, nataka kuikagua dukani. Akaitoa, nikaipakia kwenye gari. Barabarani nilijisifu moyoni kwamba nimeokoa maisha bila kumwaibisha mtu. Na kwa kweli maisha niliyaokoa. Bila hita, Nyar Kanyamwa aliacha kutapika. Baada ya wiki mbili alitembea mwenyewe kwenda kanisani.

Hapo ndipo mnapaswa kunisikiliza vizuri. Awino ametoka, mama amepona. Hakuna mtu Kosele aliyehitaji ushahidi mwingine, na ushahidi huo niliutengeneza mimi, kwa kuitoa ile hita kimyakimya. Kama ningeiacha ningemuua mama. Kwa kuitoa bila kusema, nilimfungia mlango binti wa watu kwa kufuli.

Nilikaa hivyo miezi mitano. Habari zilinijia kupitia kwa Rosa. Awino amejifungua mtoto wa kike, Odhiambo hajaenda kumwona. Akina mama wa kanisa wamekaa kupanga wapishi wa kambi, ule mkutano wao mkubwa wa mwaka, na jina lake limerukwa hata kabla mtu hajalitaja. Amejaribu kuuza mandazi sokoni Awendo, na mama mmoja kutoka Kosele aliyepita hapo amesema neno kwa sauti, siku hiyo mandazi yakabaki. Rosa alinisimulia haya huku akiendelea na kazi zake, kwa masikitiko ya kawaida, kama mtu anavyosimulia msiba wa jirani.

Alasiri moja alikuwa dukani akichambua maharagwe, mimi nikipanga mitungi. Aliiona hita kwenye kona.

"Mbona hujamrudishia mama hita yake? Baridi imerudi."

"Haifai."

"Haifai vipi, na fundi ni wewe?"

Nikamwambia. Sikupanga kumwambia, ila sikupata uongo mwingine karibu. Rosa aliendelea kuchambua maharagwe hadi nilipomaliza, akatoa jiwe moja dogo, akaliweka kando.

"Kesho unaenda Awendo," akasema. "Usinione nimenyamaza. Bado natafuta pa kuanzia."

Awendo nilimkuta Awino amekaa kivulini kando ya nyumba ya mama yake, mtoto mapajani. Alinipa kiti, akaniletea maji, kama inavyotakiwa. Nikamweleza yote, hita, kile kifaa, magunia.

"Shemeji, siku ile uliulizwa," akasema mwishowe.

"Niliulizwa."

"Ukasema mambo ya nyumba ni ya wenyewe."

"Ndiyo."

"Leo umekuwa mwenyewe?"

Nikamwomba msamaha, nikasema nitafanya lolote.

"Msamaha wa hapa haunisaidii," akasema. "Hapa kwetu sikumuua mtu, wananijua. Nenda ukaseme kule nilikochafuliwa. Na usimwambie Odhiambo pembeni halafu Odhiambo awaambie watu. Sema wewe, wakiwa wote, kama walivyokuwa wote siku ile. Na kanisani pia."

"Mimi ni Mkatoliki, Awino."

"Mimi ni mpishi wa sumu. Kila mtu ana tabu yake."

Nilianza na familia. Watu wale wale, viti vile vile. Nilipomaliza kueleza, Shangazi Perez hakuamini. Alisema mjini watu hulipwa kusema maneno kama haya. Akauliza kitu gani hicho kisichonuka, kisichoonekana, kinachowajua vifaranga na mama, na kinaacha watu wengine. Nikamwambia hakimwachi mtu, ila anayejifungia nacho ndiye anayekipata. Nikasema ningeweza kuwaonyesha, lakini vya kuonyesha viko mahali ambapo mimi siwezi kuingia.

Nyar Kanyamwa alikuwa kwenye kona yake, akitazama upande. "Hita yake ilishaingia," akasema. "Na yeye aingie."

Niliingia katika chumba cha mama mkwe wangu mara hiyo moja maishani, nikiwa na wazee watatu nyuma yangu. Nilifanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Niliinua uso. Magunia yalikuwa bado yamejazwa kwenye matundu, manne kati ya manne. Nailoni ilikuwa imepigiliwa kwa misumari. Nikaviondoa kimoja kimoja na kuviweka sakafuni mbele ya Perez, kile kitambaa cha mlangoni juu yake. Nikawaambia moto wa gesi hula hewa ya chumba, na hewa ikipungua moto huo huo huanza kutoa hewa mbaya. Inakuanza na kichwa, inakufanya utapike, inakulegeza miguu, na mwishoni inakulaza usingizi. Ukitolewa nje mapema unapata nafuu, na kwa hiyo unadhani ugonjwa uko kwenye chakula, au kwenye watu wa nyumba. Nikawaambia hita ilikuwa inakataa kufanya hivyo. Kila ilipojizima ilikuwa inamwokoa mama. Mimi ndiye niliyeikataza.

Perez aliyageuza magunia kwa mguu. "Mimi nilihesabu vizuri," akasema. "Kilikuwa kimepungua kitu kimoja."

"Kilikuwa kwangu," nikasema.

Jumamosi iliyofuata nilivaa suti nikaenda kwenye kanisa la Wasabato. Mzee wa kanisa alinipa dakika tano baada ya matangazo. Awino alikuwa amekuja, amekaa benchi la nyuma karibu na mlango pamoja na mtoto na dada yake mmoja. Nilisema yote kwa Kiswahili ili hata mwalimu mgeni na wauguzi wasiojua Dholuo waelewe. Nilitaja jina la Awino mara tatu, na langu mara tatu. Nikawaambia wenye hita waache njia ya hewa juu na njia ya hewa chini, wasiwashe kwenye chumba cha kulala, na hita ikijizima wafungue dirisha, wasimwite fundi. Anayeumwa kichwa akiwa ndani na kupona akiwa nje, atolewe haraka apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kuna hita. Mimi sikumwambia daktari, nanyi msinifuate.

Mtu mmoja akanyoosha mkono katikati ya kanisa. "Fundi, na ile yangu uliyoitibu mwaka juzi?"

"Usiiwashe. Nitakuja kesho."

"Lakini inawaka vizuri sana."

"Ndiyo shida yake," nikasema.

Baada ya ibada walikula pamoja uani, chini ya turubai, kama wanavyofanya wakiwa na wageni. Wanaume walikaa upande wao, nami nikawekwa miongoni mwao, nikiwa na sahani ambayo sikuigusa. Masufuria yalikuwa kwenye meza ndefu, ugali, kuku, sukuma wiki. Nyar Kanyamwa alikaa kwenye kiti karibu na meza hiyo, fimbo yake kando. Awino alipopita kumsalimu, akina mama walisogea kuwapa nafasi, na pakawa kimya kiasi kwamba hata sisi tulisikia.

"Nipakulie, binti yangu," Nyar Kanyamwa akasema. "Chochote utakachoweka nitakula, watu wote wakiona."

Nilidhani hilo lingetosha. Nadhani kila mtu alidhani hivyo. Ilikuwa heshima kubwa kutoka kwa mama mzee mbele ya kanisa zima.

"Hapana, Mama," Awino akasema, bila ukali. "Nimetoka Awendo leo. Mimi ni mgeni. Kwetu mgeni ndiye anayepakuliwa."

Nyar Kanyamwa akachukua fimbo, akayainua yale magoti yake, akaiendea meza. Binti mmoja akataka kumshika mkono, akamwondoa. Alichukua sahani, akakata ugali, akatafuta paja la kuku hadi akalipata, akamwaga mchuzi. Ilimchukua muda mrefu. Kisha akaibeba sahani hiyo kwa mkono mmoja hadi alipokaa Awino, akampa, akabaki amesimama hapo amempokea mtoto ili mama yake aweze kula.

Awino alikula polepole. Siku hiyo hakulala Kosele. Alirudi baada ya mavuno, Odhiambo alipokuwa amemjengea jiko lake mwenyewe, na akina mama walipokuja wenyewe Awendo kumwomba aende kupika kambi. Tunasalimiana vizuri. Ameacha kuniita shemeji. Huniita fundi, na nimemwelewa.